Nondo alikula mringaringa wa babu, kesi akabebeshwa shangazi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimepita kwenye uzi wa jamaa ambaye mparachichi wake unatoa unga kwenye shina. Nusu ya comments zinamshauri akaombewe. Nikacheka sana, halafu nikakumbuka ya nyumbani kwetu Marangu, cheko likakata.

Ninayoandika ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi, chumvi yote aliiweka baba mkubwa.

Ni miaka ya tisini, soko huria limeshatukolea. Kwa vijana msiojua: zamani ushirika ulikuwa unatuletea dawa ya kupulizia kahawa. Likaja soko huria, tukawa huru. Huru kujinunulia dawa wenyewe kwa bei ya kukimbiza. Wadudu nao wakawa huru.

Kahawa ikawa haina maana tena. Mali iliyobaki kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, ilikuwa mringaringa mmoja mkubwa uliopandwa na babu. Mnaozijua mbao zake mnanielewa.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa ameshaupasua kichwani: milango, madirisha, makochi ya sebuleni. Asubuhi alikuwa anausalimia ule mti kabla hajatusalimia sisi.

Tatizo moja tu. Mti ulisimama kwenye kipande alichopewa shangazi Apolonia, dada yake, aliporudi kutoka kwa mumewe Himo.

Babu alimpa kwa mdomo: kaa hapo. Hakuweka mpaka. Na kwetu mpaka ni masale, yale majani marefu yanayopandwa kwa mstari. Yakishapandwa, hakuna Mchagga mwenye akili timamu atakayeyang'oa. Shangazi hakuwa na masale, alikuwa na maneno ya marehemu babu tu. Na masikio ya baba mkubwa yalikuwa mazito sana kwa maneno ya marehemu.

Basi mringaringa ukaanza kukauka, matawi ya juu kwanza. Chini ya shina kila asubuhi unakuta unga mwekundu, punje punje.

Shangazi alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Anaufagia, anauzoa kwenye ndoo, anaenda kuutandika kwenye viota vya kuku wake.

Hapo baba mkubwa akageuka mpelelezi. Mwanamke anazoa unga chini ya mti. Mti unakufa. Kuku wake wanataga. Case closed.

Watu waliosali naye jumuiya wakaanza kupita njia ya mbali. Siku moja nilimkuta jikoni anamenya ndizi huku machozi yanamtoka.

"Wakinitoa hapa mwanangu, naenda wapi? Himo walishanifungia mlango."

Iliniuma sana. Mtori wa siku ile ulinishinda.

December ikafika. Mnaijua December yetu: Dar nzima imepanda mlimani, magari yamejaa migombani, mbuzi hawana amani. Baba mkubwa akasubiri ukoo utimie, mbege ikazunguka, akasimama.

"Apolonia ameua mti wa baba. Kuna kitu kaweka mle ndani. Kesho unakatwa, wote mtaona kwa macho yenu. Kikionekana, anarudi Himo kabla ya mwaka mpya."

Shangazi akajibu kwa sauti ya chini, akimtaja Mungu kwa Kichagga: "Ukate, kaka. Ruwa anaona."

Asubuhi wapasua mbao wakaingia kazini. Ukoo wote umejipanga, wengine wametoka na viti kabisa. Mti ukaanguka, wakalipasua gogo.

Na kweli wakuu, kulikuwa na kitu ndani. Tumpe haki yake baba mkubwa.

Funza. Wanene kama kidole gumba, wana rangi ya pinki, kila mmoja kwenye handaki lake. Gogo zima matundu matupu, na handakini umejaa unga ule ule mwekundu. Kwenye tundu moja limechomoza ganda tupu, pembeni yake katulia nondo mkubwa wa kijivu, mabawa kayakunja, hana habari na kikao cha ukoo.

Shangazi akawaangalia wale funza, akamgeukia kaka yake.

"Hawa wote niliwaingiza mimi? Nilipitia wapi?"

Watu wakaangua kicheko, hadi wale waliokuwa wanapita njia ya mbali.

Miaka baadaye nikaja kugoogle. Hao nondo watoboa miti wana jenasi kibao. Kuna moja inaitwa Xyleutes, ina spishi hadi huku kwetu, sijui kama ndiye wetu. Funza anakula mti kwa ndani muda mrefu na kusukuma unga nje. Akishakuwa nondo hali kitu tena: anataga, anakufa. Kuna ndugu wangejifunza hapo.

Turudi nyumbani. Wazee wakamwambia baba mkubwa aombe radhi. Kwetu ukikosa unapeleka isale, yaani jani la yale yale masale, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Jani moja linatosha.

Lakini baba mkubwa akubali hilo, wageni wa Dar wanatazama? Jani moja lingemshushia hadhi. Akakata mashina mazima ya masale, mabichi, akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili mbele ya ukoo.

Shangazi akapokea, akashukuru. "Aika, kaka. Nimekusamehe."

Kisha akachukua jembe.

Akaenda nyuma ya kisiki, upande wa nyumba ya baba mkubwa, akaanza kuchimba. Akayakatakata yale mashina, akapanda kipande kimoja kimoja kwa mstari mpaka mfereji ulipo. Nani angemzuia? Masale yameletwa na mwenyewe kwa mikono yake, ukoo mzima shahidi. Baba mkubwa kashika kata ya mbege, hajui anywe au aitue.

Nililojifunza: mti ukitoa unga, mchunguze mti kwanza kabla hujamchunguza ndugu yako. Wewe wa mparachichi, chokonoa hilo tundu kwa waya, maombi yatafuata.

Masale ya shangazi leo yamenizidi urefu. Sebuleni kwa baba mkubwa tunakalia viti vya plastiki.

Haya, kwenu nani alibebeshwa kesi ya mdudu? Tiririkeni hapa chini. Na kama aliyembebesha ni wewe, nenda kaombe radhi, ila peleka jani moja tu.