Kabureta ya Pili

Haya yametokea nyumbani kwetu Nambis, Mbulu, na sikuyasikia kwa mtu. Sinywi pombe, sikuwa na homa, na nilikuwa nimeshaamka, nimenawa uso na kuwasha jiko. Mama alikuwepo, tena yeye ndiye aliyezungumza na mgeni huyo zaidi yangu. Usipoamini sitakulaumu. Ila kitu alichotuletea kipo, kimefungwa kwenye injini, na siku ukipita kwetu nitakufungulia boneti ukiguse.

Nianze na gari lenyewe. Ni gari la michezo la zamani, la Kijapani, jekundu, la milango miwili, na liko chini kiasi kwamba ukiingia unajiona kama umeketi barabarani. Baba yangu, mzee Tluway, alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa mtaalamu wa mashamba ya ngano huko Basotu, siku anarudi kwao. Hebu fikiria gari la namna hiyo kwenye barabara za Mbulu wakati wa masika! Baba alikuwa akipakia mawe nyuma ya viti ili lisiteleze. Kwa gari hilohilo alikwenda Maretadu kumchukua mama siku ya harusi yao. Mama anasema gauni lilifika Nambis jekundu kwa tope mpaka kiunoni, kwa sababu bibi harusi naye alishuka kusukuma.

Baadaye vipuri vikawa shida, gari likasimama. Hapo baba akafanya jambo ambalo mtu wa kwingine angeona ni wazimu. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Wengine anawapeleka kwa marafiki, huku milimani na kule chini uwandani, ili ugonjwa au wizi ukiingia usimmalize. Anayemtunza ng'ombe anakunywa maziwa, na siku ya kumrudisha anapewa sehemu yake, labda ndama. Lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, hata ipite miaka mingi. Basi baba akalifungua gari na kuligawa hivyohivyo. Milango ilikwenda Maretadu kwa mjomba. Viti vilikwenda kwa jirani. Boneti ilikwenda kwa mama mmoja wa kanisani, ambaye aliitumia kuanikia maharage miaka yote.

"Tluway amegawa gari kama ng'ombe," watu walicheka. "Sasa tusubiri lizae pikipiki."

Baba alifariki kabla ya kuvikusanya. Mimi niliporudi nyumbani kumwangalia mama, nilikuta bodi tupu kwenye banda, kuku wanataga ndani. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote, na daktari alishasema moyo wake umechoka. Siku moja tukiwa tunachambua maharage akaniambia, "Mwanangu, mimi niliingia kwenye hii boma kwa ile gari. Nataka nitoke nayo mara moja tena, nikiwa nimekaa. Sio nimelala."

Nilianza kazi kesho yake.

Sitakuchosha na habari za kupiga msasa, kuziba kutu na kutafuta plagi. Nitasema tu kwamba nilizunguka nikikusanya vipande, na kila mtu alinirudishia cha kwake kikiwa kizima. Wote waliuliza swali moja: sehemu yangu iko wapi? Gari halina maziwa wala ndama. Nikawaahidi kila mmoja kwamba siku likitembea, atapanda. Mama wa boneti alisema, "Utanipeleka mpaka sokoni, na usipite njia ya nyuma. Nataka wanione."

Kilichobaki ni kabureta ya pili. Injini ile ina kabureta mbili pacha za kuchanganya petroli na hewa, nazo lazima zivute hewa sawasawa, vinginevyo gari linakohoa na kuzima. Moja nilikuwa nayo. Ya pili, mama alisema, baba aliipeleka chini uwanda wa Hanang kwa rafiki yake mfugaji, mzee Gidamis. Nikashuka mpaka Katesh kuulizia. Huko nilimpata binti yake, Udamanga. Alinikaribisha kwa heshima, akanieleza taratibu kwamba uzeeni baba yake aliacha ng'ombe akaja kuishi naye Jorodom, hapohapo Katesh, na kwamba tope liliposhuka kutoka mlimani lilichukua nyumba, na baba yake akiwa ndani. Yeye alinusurika kwa sababu alilala kwa mgonjwa.

"Kile chuma cha baba yako nakijua," aliniambia. "Alikiweka kwenye kibuyu, na kila mara alikipaka samli. Sisi tulimcheka. Alisema ng'ombe wa Tluway asije akaota kutu mikononi mwake."

Nilirudi Nambis mikono mitupu. Kwa ajili ya moyo wake, nilimwambia mama tu kwamba mzee sikumkuta. Nikajaribu kufunga kabureta nyingine ya kuokoteza. Gari lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Nikajaribu tena na tena. Mama alikuwa akisikiliza akiwa kwenye kiti chake barazani, na wiki hiyo miguu yake ilianza kuvimba. Jioni moja akasema, "Basi, mwanangu. Umefanya ya kutosha." Neno hilo "basi" lilinichoma kuliko kama angelia.

Asubuhi iliyofuata ndipo alipokuja.

Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Mbulu anaujua ukungu wa mwezi wa saba. Kulikuwa kumeshapambazuka lakini kutoka bandani sikuuona hata ua wetu. Nilikuwa nimeinamia injini niliposikia mtu akikohoa nje, vile wageni wa kwetu wanavyokohoa ili usishtuke. Nikainua kichwa. Mzee mrefu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga shuka lubega, ana fimbo. Sikuwahi kumwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa ni kwa Tluway?"

"Ndiyo, ila mwenyewe alishafariki."

"Najua," alisema. "Wewe ni binti yake. Ng'ombe wenu bado hajasimama?"

Nilicheka, nikidhani ni mmoja wa wale waliozoea kututania. Naye akatabasamu, akanyoosha mkono, akanipa kibuyu kilichoshonwa ufa kwa uzi wa ngozi. Kilikuwa kizito na baridi kama kilichotolewa kisimani. Nikafungua mfuniko. Harufu ya samli ikanijia, na ndani, safi, inang'aa, ilikuwa kabureta.

"Nimechelewa kumrudisha," alisema. "Njia ilikuwa imefungwa."

Hata hapo sikuelewa, niamini. Furaha inaziba masikio. Nikamwambia karibu ndani mzee, chai iko jikoni. Akatazama miguu yake. "Nina tope. Hapa panatosha."

Ndipo mama akaita kutoka barazani. Macho yake hayaoni, lakini masikio yake ni ya msichana. "Hiyo sauti naijua! Gidamis! Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi, shemeji."

"Bado unanuka samli mpaka huku!"

"Na wewe bado chai yako ni maji ya moto?"

Mama akacheka mpaka akashika kifua. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, kibuyu mikononi. Ningefanya nini? Ningemwambia mama nyamaza, huyo amekufa? Walizungumza. Walimtaja baba, walitaja mwaka ambao mvua ilikataa, walitaja ng'ombe mmoja mweupe mwenye pembe iliyovunjika. Hapakuwa na cha kuogopa katika mazungumzo yale. Yalikuwa ya watu wawili waliopoteana muda mrefu kwa sababu tu ya umbali.

Mwisho yule mzee akanigeukia. "Sehemu yangu," alisema, bila ukali. "Siku atakapotembea, mnipitie pale nilipo. Mnipeleke uwandani. Jorodom nilikwenda uzeeni tu, mimi ni mtu wa ng'ombe."

Nikaitikia. Akainua fimbo kumuaga mama, akaingia kwenye ukungu. Nilimfuata mara moja mpaka kwenye ua. Geti lilikuwa bado limefungwa kwa waya kwa ndani, kama nilivyolifunga jana yake. Nikarudi nikakagua mlangoni pa banda. Udongo wetu ni mwekundu, anayetujua anatujua kwa huo. Pale aliposimama palikuwa na matope meusi, mabichi, yenye vijiwe na vipande vya mizizi.

Nikarudi barazani kwa mama. Alisema tu, "Funga hicho chuma."

Nilikifunga siku hiyohiyo. Kusawazisha kabureta pacha, unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, unasikiliza zinavyovuta pumzi. Mimi nilisikiliza, nikasikia zote sawa. Nikamleta mama na kiti chake, nikampa ule mpira. Alisikiliza huku, akasikiliza kule, kichwa kimeinama kama mkunga.

"Hii inapumua kwa pupa," alisema. "Ipunguze. Bado. Kidogo tena. Hapo! Sasa zinapumua kama watu wawili waliolala."

Injini ikatulia. Baada ya miaka yote ile, boma letu likajaa mngurumo ule, na jirani akaja mbio na sufuria mkononi.

Nilipeleka habari kwa Udamanga kwamba tunakuja, sikusema zaidi. Tukashuka na mama, taratibu, tukipitia Basotu, watoto wakilipigia gari kelele. Mama alikuwa amevaa kitenge cha harusi ya mjukuu, mkono wake umeshika dashibodi. Hakuona kitu, lakini aliniambia kila mahali tulipo. "Hapa ndipo baba yako alipotoboa tairi. Hapa kuna kona mbaya, punguza."

Jorodom, pale palipokuwa na nyumba, sasa ni mawe na nyasi changa. Udamanga alikuwa ametusubiri amekaa juu ya jiwe. Nilimsalimia, nikampa kibuyu bila kusema kitu, maana nilitaka kusikia yeye atasema nini. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye ule ufa. Machozi yakamtoka.

"Huu uzi niliushona mimi," alisema. "Kilikuwa kinaning'inia juu ya kitanda chake. Dada, umekitoa wapi?"

Nikamweleza. Hakupinga hata neno moja. Alikwenda upande wa abiria, akainama dirishani na kumsalimia mama kwa mikono miwili.

Injini nilikuwa nimeiacha inaunguruma. Nyuma ya viti kuna nafasi ndogo, ile ambayo baba alikuwa akipakia mawe. Tulikuwa tumesimama nje, mimi na Udamanga, na mama peke yake ndani, gari liliposhuka nyuma. Springi zilibonyea taratibu, jinsi zinavyobonyea mtu mzima anapokaa kwa uangalifu. Sote wawili tuliona. Halafu ikaja harufu ya samli.

Mama akasogeza kiti chake mbele kidogo. "Twende polepole," aliniambia. "Gidamis hajazoea."

Udamanga alisema yeye atabaki, nafasi ni ya baba yake. Nikaendesha mpaka uwandani, mama akinielekeza kwa kumbukumbu, mpaka mahali penye mabaki ya zizi la miiba na ng'ombe wa watu wakila nyasi. Nikasimama. Ng'ombe waliokuwa karibu waliinua vichwa, wote, wakatazama mlango wangu. Nikaufungua, nikashuka, nikalaza kiti changu mbele ili kupisha. Gari likainuka.

Wakati wa kurudi nilimuuliza mama alijua tangu lini.

"Tangu alipokataa chai," alisema. "Gidamis? Akatae chai? Na wewe uliporudi kutoka Katesh na ile sauti, ulidhani sioni?"

Mama bado yupo. Miguu bado inavimba, lakini kila Jumapili anaketi kwenye gari, na wote waliotutunzia wameshapanda, hata mama wa boneti alizungushwa sokoni kwa njia ya mbele. Ile kabureta sijaisawazisha tena kwa bisibisi, haijahitaji. Na ninapofagia nyuma ya viti, hata wakati wa kiangazi, napata vumbi jeusi ambalo si la Nambis.

Kila masika yakianza naifungua, naipaka samli, naipeleka Katesh kwa Udamanga anitunzie mpaka mvua ziishe. Watu wananicheka. Wacha wacheke. Ila wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakutunzia kitu mahali fulani, nenda ukamsalimie sasa, njia zikiwa wazi. Na kama wewe ndiye unayetunza cha mtu, kirudishe ukiwa bado unakunywa chai.