Risasi Isiyo na Baruti

Nilirudi Isiolo kutoka Qatar na diploma ya umeme, nikajenga nyumba ya ghorofa bila msaada wa mtu. Nilipoanza kulenga shabaha kwa bastola, nilinunua risasi za bei kali, nikabadilisha kifyatulio na kishikio. Bado nilipiga chini ya shabaha, na mtihani wa kuingia timu ya klabu yetu ya shabaha ulikuwa kesho yake.

Mwalimu wetu, askari mstaafu, alichanganya kwa siri risasi isiyo na baruti kati ya zangu. Nilipovuta, bastola haikulia, lakini mtutu uliinama kama mbuzi anayekunywa maji.

“Injinia, risasi iko sawa,” akacheka. “Ni mkono inaogopa kelele. Mkono mpya utaagiza wapi?”

Akaniwekea nyingine isiyo na baruti. Safari hii nilijua haitalia, nikauma meno. Mtutu ukainama tena.