Ngozi Iliyoota Kwenye Chai

Dada yangu alifanya kazi ya kulainisha ngozi za ng'ombe kwenye kiwanda kimoja hapa Nakuru mpaka kifua kikaharibika. Aliporudi nyumbani alikuwa anakohoa mchana kutwa, na vidole vimepasukapasuka kwa dawa. Ndipo mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi akamfundisha kuotesha ngozi isiyotoka kwa mnyama.

Alichemsha chai ya rangi yenye sukari nyingi, akaiacha ipoe kwenye beseni, akatia siki na kipande cha utando wenye bakteria. Baada ya wiki tatu juu ya chai palikuwa na kitu kinene, chenye utelezi. Alikiosha, akakianika kwenye ubao, kikakauka na kuwa cha rangi ya asali. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikipitisha kwenye cherehani, nikashangaa kinavyoshoneka.

"Hii haitaua mtu," aliniambia.

Duka moja la Nairobi likaagiza vizibao vya ngozi hiyo. Dada akajaza mabeseni chumbani mwake, na baridi ya Julai ilipoanza akaziba dirisha kwa blanketi, maana bakteria wanataka joto. Mle ndani siki ilichoma macho. Kuta zilitoka maji, halafu kuvu.

"Fungua hata kidogo, siz. Kifua chako."

"Nikifungua hazitaota. Wewe shona tu."

Nikashona. Nilisikia kile kikohozi kupitia ukutani, nikazidi kukanyaga cherehani.

Agosti tulimkimbiza hospitali. Daktari aliuliza analala wapi. Nilipomweleza, aliacha kuandika akaniangalia. Kitandani dada alinong'ona, "Mabeseni umefunika?" Nikasema ndiyo. Kumbe kuvu ya kijani ilikuwa imeshakula ngozi zote. Alikufa siku ya tatu.

Nilitaka azikwe na kizibao pekee tulichowahi kumaliza. Mama akakataa kabisa. "Mtoto wangu haingii kaburini amevaa chai." Tukamvisha nguo yake ya kanisa, tukamzika shambani kwetu Ndabibi, mvua ikinyesha.

Wiki iliyofuata mwenye duka alipiga simu. Alisema pole, kisha akauliza kama kuna chochote kilichokamilika. Nikamtumia kile kizibao. Alinishukuru kwa ujumbe mfupi. Jina la aliyekiotesha hakuuliza, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia.