Kiti cha Bibi na Kamba ya Mkwewe

Nyumba yetu hapa Tabora ni ya ghorofa, kuta za udongo na sakafu ya mbao, aliijenga marehemu babu enzi za biashara yake ya asali na nta. Juu anakaa Bibi, mzaa mama. Chini tunakaa sisi: mama, mimi, na baba ambaye kazi yake ni reli. Katikati kuna ngazi, na ngazi ile ilikuwa mpaka wa nchi mbili zinazopendana sana ilimradi zisikutane.

Kwetu Wanyamwezi mtu hakai uso kwa uso na mama mkwe. Baba akisikia kandambili za Bibi zinashuka, anatokea mlango wa nyuma hata kama ana tonge mkononi. Walisalimiana tu, tena mlango ukiwa katikati. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi. Mengine yote yalipitia kwangu, kwa hiyo nilikuwa posta ya nyumba. Bibi akisema, "Mwambie baba yako bati linavuja," mimi namfikishia baba hivi: "Bibi anauliza kama anaruhusiwa kufuga samaki." Baba alipanda kwenye paa siku hiyohiyo. Posta gani nyingine ina kasi hiyo?

Mwaka juzi, wakati ndugu zetu wa Goweko wanahamia kijiji cha ujamaa, goti la Bibi likagoma. Asubuhi alishuka kwa kukaa kitako, kidato kwa kidato. Kupanda kukashindikana. Akalala sebuleni, na nyumba ikaparaganyika. Baba akawa mkimbizi: anaingia kwa dirisha la jikoni, anakula stoo na magunia, anapiga chafya za vumbi la mpunga.

Mjomba, mtoto wa kiume wa Bibi, akaja kwa treni kutoka Kaliua na uamuzi wake mfukoni. Mama yake ahamie kwake. Bibi akatupa macho juu, kule kwenye dirisha lake ambalo kila asubuhi alilitumia kuusimamia mtaa mzima.

"Kaliua nitamchungulia nani?"

"Mama, kesho jioni nina treni. Ikipatikana njia ya kukupandisha, baki. Isipopatikana, tunaondoka wote."

Bibi alicheka, lakini nilimwona anavyoishika ile nguzo ya ngazi.

Basi kikaitwa kikao. Mjomba mwenyewe akatoa wazo la machela, miti miwili na shuka, kama wapagazi walivyowabeba wakubwa kwenye njia ya misafara. Bibi akamkata: "Baba yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, hakubebwa. Nikilazwa kwenye shuka leo, majirani watakuja na ubani."

Balozi wetu wa nyumba kumi akasimama, akakohoa kikohozi cha mkutano. "Ndugu zangu, hili ni jambo la ujamaa. Kila nyumba itoe vijana wawili, tumpandishe Bibi kwa zamu."

"Na siku ya zamu ya yule jirani wa pombe," Bibi akauliza, "nitalala kidato cha ngapi?"

Balozi akaketi.

Akabaki fundi seremala, Mzaramo, mtani wetu, mtu pekee mjini mwenye ruhusa ya kumtukana Bibi mbele ya watoto wake. Alileta kiti kilichokaa juu ya mbao mbili ndefu, akazilaza mbao hizo juu ya ngazi na kuzipaka mawese ya Kigoma ziteleze. Kamba ikatoka kwenye kiti, ikapanda hadi kwenye kapi la chuma kule juu, ikapita tundu la ukutani mpaka uani. Huko uani ndiko atakakosimama baba. Atavuta bila kumwona mkwewe, bila kumgusa.

Kwanza likapandishwa gunia la mpunga. Likafika salama.

"Kama limepanda gunia la mpunga," fundi akasema, "litapanda na gunia la Kinyamwezi."

"Mzaramo wewe, ukifa nitakuzika na hiki kiti." Bibi akainua mkono. "Nimechagua hiki. Nikalisheni."

Fundi akapanda juu kulinda kapi, mimi nikawekwa kwenye mlango wa uani, nipeleke maneno. "Mwambie avute." Nikamwambia. Kiti kikaenda kwa mlio wa mlango mzee. Katikati ya ngazi Bibi akasema asimame, apate kupumua. Kisha akageuka, akatupungia mkono polepole kama mheshimiwa aliyesimama kwenye gari la wazi, na mjomba, bila kujijua, akapiga makofi.

Hapo nikaisha. Nilianguka chini kwa kicheko, na fundi naye kule juu akawa hoi.

"Mke mwenzangu, mwambie avute!" Bibi akaniita. Nikafungua mdomo, ikatoka kwikwi.

"Vipi huko?" baba akapaza sauti. "Nishike au nivute? Mikono inaniishia!"

Kiti kikaanza kurudi chini, taratibu, kikiteleza kwenye mawese. Mjomba akainuka. Bibi akanitazama, akatazama dirisha lake, akajaza kifua.

"Baba! Vuta!"

Tangu mama aolewe, neno lisilo salamu lilikuwa halijapita baina yao.

"Naam, mama!"

Akavuta kwa nguvu zote za reli. Bibi alipaa, kanga ikabaki nyuma, na fundi akaruka pembeni kumpisha.

"Umefika, mama?"

"Nimefika, baba. Pole na kazi."

Mjomba alipanda treni peke yake, na Bibi akampungia kutoka dirishani.

Tangu hapo wanaongea kupitia tundu la kamba, na posta imekosa wateja. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikamsikia Bibi, "Baba, siku ile bati lilipovuja, huyu binti alikuambiaje?"

Kisha kutoka uani, "Alisema unataka kufuga samaki, mama."

Nikasikia kamba inafungwa kwenye nguzo ya uani, na viatu vya baba vinakuja. Nilitokea kwa dirisha la jikoni.