Gia Nilizokanyaga Kosele

Afadhali mnisikie mimi kabla ya wanabodaboda wa Kosele, maana wao wataongeza chumvi.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikaendesha bodaboda mpaka mdogo wangu Otieno akawa injinia. Juzi yeye na rafiki yake walitoka Migori na pikipiki mbili za mbio alizopewa na muuzaji azijaribu kabla ya kununua moja: ndogo yenye injini ya cc mia nne, na kubwa ya cc elfu moja.

"Brathe, wewe ndiye mzee wa pikipiki," akasema. "Nichukue ipi?"

Wivu ulinichoma. Kiti cha pikipiki yangu nimekifunga kwa kamba, naye anachagua! Nikaapa moyoni kwamba ile kubwa hataipata.

Nikaipanda mbele ya wenzangu wote wa steji ya bodaboda. Nikakanyaga gia kama kwenye bodaboda yangu: moja, mbili, tatu, nne. Injini ikalia, mwendo ukabaki ule ule. Nikazunguka soko, nikarudi nikitikisa kichwa.

"Hii kubwa ni jina tu. Nimefika gia ya nne, haina nguvu. Chukua ndogo."

Otieno akainama kuitazama gia.

"Brathe, kwa hizi unakanyaga ya kwanza tu. Zingine unainua juu. Umezunguka soko lote na gia moja."

"Mzee wa Gia Moja!" steji ikalipuka.

Hicho kicheko ningekivumilia. Lakini Otieno hakucheka.

"Au hukutaka tu niwe nayo?"

Mikono yangu ilikuwa bado imeshika usukani wa ile kubwa.