Rubani Asiyewakatalia Wakubwa

Rubani msaidizi wangu mpya, msichana, hufuta jasho la viganja kwa kitambaa kila anapomaliza kuujibu mnara wa kuongozea ndege. Amekulia mtaa wa Kabondo, katika nyumba ambayo papa, yaani baba, akikutuma unaitika kwanza, mengine baadaye. Basi mzee wa mnara akimwambia aongeze mwendo, anaitika. Akimwambia apunguze, anaitika vilevile, kwa sauti laini inayonikera, huku vidole vikitafuta breki za mabawa. Jeti haipendi kushuka na kupunguza mwendo kwa pamoja. Hilo analijua vizuri, ila halisemi.

Jana, maporomoko ya maji ya Wagenia yakiwa meupe mbele yetu, mzee alitutaka tusipunguze mwendo: “Mubakie na ile vitesse mpaka karibu na uwanja, kuna ndege ingine nyuma yenu.” Msichana akatazama kimo na umbali uliobaki, kisha akanitazama. Nilimwachia uamuzi makusudi. Akabonyeza redio.

“Pardon, papa, hatutaweza. Tunapunguza sasa.”

Mzee wa mnara akajibu:

“Bon, mutoto yangu, punguza. Ile ya nyuma itangojea.”

Akashusha magurudumu. Akatoa kitambaa, akakitazama kiganja chake kikavu, akakirudisha kitambaa mfukoni.