Saa Tatu na Nusu kwa Bibi

Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, Kwaluguru, bibi mzaa mama alikataa katakata kuacha shamba lake. Nilikuwa darasa la sita. Nilimkumbuka kila siku, nikawa mtoto wa kununa, hata mama akachoka kuniuliza nina nini.

Baba alikuwa na saa ya mkononi, na alikwishaipima njia ile: mwendo wa saa nne na robo tatu. Likizo ilipofika aliniazima saa yake. "Nenda siku ya gulio, njia ina watu," alisema. "Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni nikuone hapa. Ukichelewa, hutakwenda tena."

Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Nne na nne ni nane, robo tatu mbili ni moja na nusu. Kwenda na kurudi, saa tisa na nusu. Hapo sikukosea. Kisha kumi na mbili toa tisa, ikabaki tatu. Ile nusu haikuwa na namba juu yake, nikaishusha kama ilivyo. Saa tatu na nusu kwa bibi! Furaha ilinizidi, sikuhakiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nywele gani hizi? Mama yako hana mikono?"

Mama alikuwa kwenye shamba la kijiji tangu alfajiri hadi jioni, lakini sikumtetea. Bibi akaniuliza tuna muda gani. Nikamwambia.

"Basi nitakusuka zile ndogo ndogo."

Nilikula kwanza, kisha nikakaa mkekani katikati ya miguu yake. Alinipaka mafuta ya nyonyo, akanisimulia ukorofi wa mama alipokuwa mdogo. Sijawahi kustarehe vile. Upande wa kulia ulipokwisha, nilitazama saa: saba kamili. Nikahesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka kumi na mbili jioni. Nilitakiwa kuondoka saa saba na robo. Ile nusu ilipaswa kutolewa kwenye moja nzima. Muda wangu ulikuwa saa mbili na nusu tu; saa moja haikuwepo. Nililia.

"Nenda, baba yako asije akakukataza kuja," bibi alisema. "Upande huu nitaumalizia ukirudi." Akanifunga kichwa kwa kanga yake.

Nyumbani mama alitaka kumalizia. Nikakataa. Nilitembea na kichwa nusu, watoto wakanicheka wakachoka.

Kabla ya gulio lililofuata tuliletewa habari ya msiba. Tulipofika, bibi alikwisha kuzikwa. Mama alinikalisha kwenye mkeka uleule, akafumua misuko ya bibi mmoja mmoja, polepole, maana naye hakutaka iishe. Sasa nami nina wajukuu, na ile saa moja naitaka mpaka leo.